Bakuli la Miti ya Kigeni: Kwani Mgeni ni Nani?

Kuna bakuli ambalo halijawahi kuona ugali wala supu. Linakaa juu ya meza sebuleni, tupu kabisa, na kazi yake ni kuangaliwa tu. Ukilisogelea unaona si mti mmoja. Ni vipande vidogo mia moja, mia mbili, wakati mwingine maelfu, vimeunganishwa kwa gundi hadi huwezi kupitisha ukucha katikati. Chekundu ni padauki ya Afrika ya Kati. Cha zambarau kimetoka misitu ya Guyana na Brazili, na hapana, hakijapakwa rangi, huo mti moyo wake ni zambarau hivyo hivyo. Cha kahawia iliyokoza ni wenge ya Kongo. (Najua ukisikia wenge unawaza JB Mpiana na Werrason, lakini wenge ni mti, na ni mgumu kweli kweli.) Cha milia kinaitwa zebrano, jina la punda milia, ingawa mti wenyewe huota Gaboni na Kameruni kwenye misitu minene ambako punda milia hawaishi. Halafu kuna ule mstari mwembamba, mweusi tititi, unaozunguka ukingo wa juu kama wanja. Huo ni mpingo. Huo ni wetu.

Mafundi wa mabakuli haya wengi wako Marekani, Uingereza, Kanada na Australia. Wakitangaza kazi yao maneno huwa ni yale yale: limetengenezwa kwa mkono, kwa miti ya kigeni. Bakuli moja zuri linaweza kulipa kodi ya nyumba yako miezi kadhaa. Sina shida na bei, fundi alipwe. Ni hilo neno "kigeni" lililonikwama. Mpingo ni mgeni kwa nani? Kilwa si mgeni. Kitui si mgeni. Kwa hivyo leo wacha tufuate hilo bakuli kinyumenyume, kutoka mezani hadi msituni, tuone nani alimwita nani mgeni.

Kwanza heshima kwa kazi yenyewe, kwa sababu si ya mchezo. Duara lina digrii 360. Fundi hujenga bakuli kwa pete, moja juu ya nyingine. Chukua pete ya vipande 12. Kila kipande kina ncha mbili za kukatwa, kwa hivyo hiyo ni mikato 24, na kila mmoja lazima uwe wa digrii 15 kamili. Sasa kosea nusu digrii tu kwa kila mkato. Nusu digrii huwezi hata kuiona kwa macho. Lakini mara 24 inakuwa digrii 12, na pete yako inabaki na pengo mdomoni kama mtoto wa darasa la kwanza. Na hiyo ni pete moja, bakuli lina kumi, kumi na tano.

Pete zikishakauka zinapangwa kama matofali, maungio ya pete ya juu yakiangukia katikati ya vipande vya pete ya chini. Kisha chungu chote hicho cha gundi na mbao kinafungwa kwenye mashine ya kukereza, kinazungushwa kwa kasi, na fundi anakisogezea patasi. Nje kwanza, halafu ndani. Baadaye msasa, mwingine laini zaidi, mwingine laini zaidi ya huo, mwisho mafuta au vanishi. Kama kulikuwa na ungio dhaifu, hapo ndipo linajitangaza, na vipande vinaruka karakana nzima. Ndio maana hao jamaa huvaa kinga ya uso.

Kuna kitu kingine ambacho mnunuzi haoni. Mbao hupumua. Zikivuta unyevu zinatanuka upande wa mapana, lakini kwa urefu wa nyuzi karibu hazisogei. Na kila mti una tabia yake, mmoja unatanuka zaidi, mwingine kidogo. Sasa umechukua mti wa Kongo, wa Brazili na wa Tanzania, ukaufungia kwenye duara moja na kuupeleka kwenye nyumba ya Minnesota ambako baridi kali inafuatwa na hita za kukausha hewa. Fundi anayejua kazi hulaza nyuzi za kila kipande zifuate mzunguko wa bakuli, ili lote lipumue kwa pamoja. Asiyejua hugundisha kitako cha ubao mpana kwenye pete kwa nguvu zote, na baada ya msimu mmoja kitako kinapasuka. Mabakuli mengi yaliyokufa yalikufa namna hiyo.

Haya, kukereza kulianza wapi? Sipendi stori zinazoanza Ulaya wakati hazihitaji. Moja ya picha za kale zaidi za mashine ya kukereza duniani iko Afrika, kwenye kaburi la Petosiris huko Misri, la miaka 300 hivi kabla ya Kristo. Mtu mmoja anavuta kamba huku na huku kuzungusha mbao, mwenzake ameshika chombo cha kukatia. Watu wawili, kamba, na subira. Pwani yetu nayo, lugha yenyewe ni shahidi: Kiswahili kina kukereza, kina mkereza, kina kerezo. Lugha haiwekei jina kazi ambayo hakuna anayeifanya. Angalia miguu ya vile vitanda vya zamani vya Lamu na Unguja, yenye mapete na mabonge ya duara. Hiyo haikuchongwa kwa tezo, hiyo ilikerezwa, na ufundi huo ulipita na kurudi kati ya Pwani na India kwa muda mrefu.

Kilichofanyika Ulaya ni kwamba kukereza kukawa burudani ya wakubwa. Peter Mkuu wa Urusi alikuwa na karakana yake, akikereza pembe za ndovu na mbao akipumzika na mambo ya dola. Kisha mwishoni mwa karne ya 18 akatokea London mtu mmoja kutoka Strasbourg, John Jacob Holtzapffel. Familia yake ikatengeneza mashine za kukereza za kifahari kwa zaidi ya miaka 100. Mashine hizi hazikuwa za seremala wa mtaani. Zilikuwa za mabwana wenye mashamba na wakati wa kupoteza. Zingine ziligharimu zaidi ya alichopata mfanyakazi wa kawaida kwa miaka mingi. Ziliweza kuchora mapambo madogo madogo juu ya kikombe au kisanduku, maua na nyota zilizokatwa kwa hesabu.

Hapo sasa ndipo mpingo unaingia. Mapambo madogo vile yanataka mbao isiyochanika, isiyo na vinyweleo vikubwa, iliyoshikamana kama jiwe. Mbao nyingi hazifai, ncha zinabomoka. Mpingo unafaa. Ni mzito hadi ukiutupa majini unazama. Charles Holtzapffel, mtoto wa yule mzee, alianza kutoa vitabu vyake vya ukerezaji mwaka 1843, na katika maelezo yake ya mbao, huu mti mweusi aliusifu kuliko yote kwa kazi hiyo. Na unajua sokoni walikuwa wakiuitaje? Mti mweusi wa Botany Bay. Botany Bay iko Australia! Mti umetoka upande wetu wa Afrika, umefika London, umepewa kwao kwingine kabisa, ng'ambo ya bahari. Baadaye wauzaji walianza kuuita mti mweusi wa Afrika, na wenye klarineti wakauita grenadila. Jina lake la nyumbani halikupanda meli.

Mtu atasema, jina ni jina tu, achana nayo. Mimi naona jina ndilo risiti. Mali ikishapoteza jina la ilikotoka, hakuna anayedaiwa chochote kule. Pembe za ndovu zilikuwa na hadithi hiyo hiyo. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilizopita Zanzibar ziliishia Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vibao vya piano, na kule kuna mji hadi leo unaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Wao walibaki na mji wenye jina. Sisi tulibaki na njia za misafara na makaburi ya waliobebeshwa mzigo.

Sasa turuke hadi karne ya 20, Marekani, maana hapo ndipo bakuli linaacha kuwa chombo na kuwa sanaa. Miaka ya 1930, James Prestini alianza kukereza mabakuli membamba ajabu, kuta zake unadhani ni kioo. Jumba la sanaa za kisasa la New York likayaweka kwenye hazina yake. Bakuli la mbao ndani ya jumba la makumbusho, na si kwa sababu ni la kale, wala si kwa sababu ni la "kabila" fulani (mnajua vile vitu vyetu huwekwa chumba gani), bali kwa sababu lilikuwa zuri na lilikuwa na mwenyewe, mwenye jina.

Kisha kuna huyu ninayempenda zaidi, Bob Stocksdale. Wakati wa Vita vya Pili alikataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri, akapelekwa kwenye kambi za waliokataa kupigana, na huko ndiko alikoanza kukereza mabakuli. Baada ya vita akahamia Berkeley, California, akaendelea na kazi hiyo hadi uzeeni, akafariki mwaka 2003. Alitafuta mbao za nchi za mbali kama vile watu wengine wanavyotafuta viatu. Lakini fundi huyu alikuwa na tabia moja. Ukigeuza bakuli lake, chini kwenye kitako alikuwa ameandika jina la mti, mara nyingi na mahali ulikotoka, halafu ndipo jina lake. Mti kwanza. Ni maneno machache tu ya kalamu mahali ambapo hakuna mtu anaangalia, na kwangu mimi yana uzito kuliko cheti cha dhahabu.

Mabakuli ya vipande vingi nayo yalikuwa yanakua pembeni. Ray Allen wa Arizona ndiye jina linalotajwa sana, alijenga vyombo vya maelfu ya vipande kwa kufuata michoro ya vyungu vya wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Marekani. Hiyo nayo ni kesi nyingine, mchoro wa mtu kwenye chungu cha mwingine, lakini siingii huko leo. Mwaka 1986 wakerezaji wa Marekani wakaunda chama chao, na leo kina wanachama maelfu, wengi wao wazee waliostaafu wenye gereji, muda na pensheni. Hao ndio wanaonunua mbao za kigeni kwa vipande vidogo, vimefungwa kwa nta visipasuke, kila kimoja na bei yake kama nyama ya buchari.

Niwape sifa yao hapa, kwa sababu watu wa mtandaoni tunapenda kurusha mawe haraka. Bakuli la vipande linatumia mbao kidogo kuliko unavyodhani. Mpingo ni mti mbishi. Umepinda, una nyufa, una mashimo katikati, na ule weusi uko ndani tu, nje ni mbao ya manjano isiyo na soko. Kiwanda kikikata gogo kutoa vipande vya klarineti na zumari za obo, sehemu kubwa sana inaanguka chini kama taka. Mtu anayechukua kipande cha ukubwa wa kidole na kukifanya ukingo wa bakuli hakumaliza msitu. Msitu unamalizwa na makontena ya magogo mazima na mashamba yanayosafishwa kwa moto.

Dunia ilishtuka kidogo mwaka 2017. Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliweka jamii yote ya Dalbergia chini ya udhibiti, na mpingo umo humo kwa sababu ndiyo familia yake. Shida kubwa haikuwa mabakuli wala klarineti, ilikuwa samani za kifahari za mbao nyekundu huko China, zilizokuwa zinakomba jamii hiyo ya miti Asia na Madagaska. Lakini sheria ilipopigwa ikawakuta wote. Wapiga muziki walilia hadi mwaka 2019 ikalegezwa. Ala za muziki zilizokamilika zikaachiliwa, na bidhaa zingine zilizokamilika pia, mradi shehena isizidi kilo 10 za mti huo. Bakuli letu halifiki hata kilo mbili. Kwa hivyo linavuka mpaka kimya kimya, halali kabisa, na karatasi pekee inayoweza kusema mti wake ulitoka wapi ni ile fundi ataamua kuandika kwenye kitako.

Stocksdale aliandika. Wengi leo wanaandika "mti mweusi wa Afrika" na kunyamaza. Afrika gani, boss? Afrika ni kubwa.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mpingo huo huo ndio uliotuzalia ule uchongaji wa Kenya tunaouona kila duka la watalii. Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walichukua Waafrika kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, wengi kwa nguvu. Jina la kikosi hicho liko bado Nairobi, ndio Kariokor, na Dar es Salaam ndio Kariakoo. Katika waliokwenda Afrika Mashariki ya Wajerumani, Tanzania ya leo, alikuwemo Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos. Tayari alikuwa na mkono mzuri wa kuchonga vifaa vya nyumbani. Huko, kwa simulizi inayokubalika zaidi, akajifunza kwa Wazaramo kuchonga sanamu za mpingo. Akarudi na ujuzi, akaufanya kazi, akafundisha watu wake. Mpingo kwa Kikamba ni muvingo, na ulikuwepo Ukambani, hakuhitaji kuagiza.

Kutoka Wamunyu ujuzi ukamwagika: Nairobi, Malindi, Nanyuki, Mombasa. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa wakaanzisha ushirika wao Changamwe, na hadi leo ukipita utasikia tezo zikilia kwa mdundo. Watafiti waliohesabu miaka ya 1990 walikadiria wachongaji wa nchi nzima kuwa makumi ya maelfu, na ukiweka wanaopiga msasa, wanaopaka rangi, wanaouza na wanaosomeshwa shule na hizo hela, ni jiji zima.

Na bakuli? Bakuli letu halikerezwi kwa mashine, wala halina gundi. Ni gogo moja, linachimbwa kwa tezo, linalainishwa kwa kisu na msasa. Mara nyingi gogo ni bichi kwa sababu mchongaji hana mtaji wa kungoja mwaka mzima likauke, anataka pesa ya unga leo. Bakuli likifika nyumba yenye hita huko ng'ambo, linapasuka, na mnunuzi anasema Waafrika hawajui mbao. Wee! Wanajua mbao vizuri sana. Wasichokuwa nacho ni kibanda cha kukaushia na hela za kungojea.

Miti ikaanza kuisha. Muvingo ulikwisha kwanza, mti mmoja unataka miaka 70 hadi 100 kabla ya kuwa na weusi wa maana ndani, na hakuna aliyekuwa anapanda. Wakahamia muhugu, mti wa misitu mikavu kama Arabuko-Sokoke, na ile iliyozunguka Nairobi. Mbao ya muhugu ni tamu, ina harufu, mchwa hawaigusi. Nayo inakua polepole vile vile. Wakagusa mtamaiyu, mzeituni wa porini wa nyanda za juu. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa wazi kwamba wachongaji wanakula mbegu. Wasomi wa mimea na mashirika ya mazingira wakaanza kampeni ya kuwashawishi wahamie miti inayokua haraka mashambani, na mti ulioshinda Pwani ukawa mwarobaini. Wengine wakachukua mwembe, wengine mjakaranda, bara wakachukua mukima, ule unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba ya kahawa na chai.

Simama hapo uhesabu nami. Mwarobaini kwao ni India na Burma, ulifika Pwani na Wahindi, ukapewa jina la Kiswahili kwa sababu unatibu magonjwa arobaini. Mwembe kwao ni India. Mjakaranda kwao ni Amerika Kusini. Mukima kwao ni Australia, nchi ile ile ya Botany Bay waliyotusingizia. Kwa hivyo mchongaji wa Changamwe leo, akichonga mabakuli manne ya miti hiyo minne na kuyapanga mezani, ametengeneza seti nzima ya miti ya kigeni, ya kigeni kweli kweli. Lakini duka la uwanja wa ndege litaandika "mbao asilia ya Afrika". Wakati huo huo, huko Texas, mpingo uliozaliwa hapa unaitwa mgeni. Ugeni hauko kwenye mti. Uko kwenye mdomo wa anayeuza.

Na tofauti nyingine inayoniuma zaidi ya hiyo: geuza bakuli la Changamwe uangalie kitako. Mara nyingi utakuta bei ya duka au neno "Kenya". Jina la mchongaji hakuna. Jina la mti hakuna. Mtalii anaondoka akiamini limechongwa na kabila, si na mtu mwenye watoto na deni la duka. Yule Prestini angeuza bila jina, sidhani jumba la New York lingemtafuta. Sisemi sahihi peke yake itapandisha bei, soko la watalii lina madalali wake na wana meno. Lakini kuandika "Mwarobaini, Kilifi, 2024" na jina lako hakugharimu kitu ila ncha ya msumari wa moto. Wachongaji vijana mnaofuatilia hii kurasa, hebu jaribuni kwenye kundi moja la mabakuli tuone.

Kuna mkerezaji mmoja aliyelichukulia hili jambo kama deni, na stori yake ndiyo inayonifanya nisiwachome wote kwa moto mmoja. James Harris, wa Texas, ni wa ule ukerezaji wa mapambo wa akina Holtzapffel, na mpingo ndio ulikuwa mbao yake. Mapema miaka ya 1990 alitazama filamu kuhusu mpingo na muziki. Ndani yake akamwona Mtanzania mmoja, Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi hifadhi ya Ngorongoro na aliyekuwa akifundisha watoto wa shule karibu na Kilimanjaro kupanda miti. Harris akamwandikia barua. Mwaka 1996 wakaanzisha pamoja mradi wa kuhifadhi mpingo: mmoja anakusanya pesa kwa wakerezaji na wapiga klarineti, mwingine anaotesha miche Moshi. Kufikia mwaka 2004 Chuwa na vikundi vyake vya vijana, akina mama na shule walisherehekea mti wa milioni moja, ukijumlisha mpingo na aina zingine walizopanda. Kabla ya hapo, mwaka 2002, alikuwa ametambuliwa na tuzo za Rolex.

Nimependa kwamba deni lililipwa kwa mtu mwenye jina, mahali penye jina. Si "kwa Afrika".

Kusini zaidi, Kilwa, wanavijiji walichukua njia nyingine. Zamani magogo ya mpingo yalitoka kwenye misitu yao na vijiji vikabaki na karibu bure. Sheria ya misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 ilifungua mlango wa kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake. Kikole na Kisangi vikapima misitu, vikahesabu miti, vikapanga ni mingapi ikatwe kwa mwaka. Mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha kimataifa cha FSC, na kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji ilikuwa mara ya kwanza Afrika. Mnunuzi akitaka gogo sasa anakaa chini na kamati ya kijiji, analipa, na nyundo ya kijiji inagonga alama kwenye gogo. Gogo linaondoka na jina. Likifika kiwandani likapasuliwa, likatoa klarineti na masalio, angalau yule wa kwanza kwenye mnyororo alilipwa na anajulikana.

Kwetu Kenya hatujafika hapo na mpingo. Tunayo miti ya mashambani, na michongo ya mwarobaini wa Pwani iliwahi kupata cheti cha FSC miaka ya 2000, jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi hata kulisikia. Muvingo wa Ukambani umebaki vichakani, mwembamba, wengi unakatwa kuwa makaa kabla haujafikisha unene wa mkono.

Chuwa alifariki mwaka 2014. Miche aliyoanza nayo mwaka ule wa 1996, kama iliponea mbuzi, moto na panga, itaanza kuwa na weusi wa kutosha kwenye mwaka 2066 hivi. Hata hapo utakuwa unene wa kutoa ukingo wa bakuli, si bakuli zima.